Naomba ushauri: nina mtoto mchanga, nataka kuuza bidhaa za kidijitali nikiwa nyumbani

mama_mpya

Habari zenu wote. Naomba mawazo yenu, na mkiona nimepotoka mniambie bila kuniremba.

Nina mtoto wa miezi minne, ndiye wa kwanza. Kabla ya likizo ya uzazi nilikuwa karani wa hesabu kwenye kampuni ndogo. Nikipiga hesabu ya kurudi kazini, nikitoa nauli na mshahara wa dada wa kunilelea mtoto, kinachobaki hakinishawishi. Ndiyo maana nimevutiwa na hizi bidhaa za kidijitali: unatengeneza faili mara moja, linauzwa hata ukiwa umelala. (Wanavyosema wao. Mimi huo usingizi wenyewe nausikia tu.)

Nimefikiria mambo mawili. La kwanza, kutengeneza kwa Canva (programu ya mtandaoni ya kubuni kurasa na picha) kitabu cha kupanga siku cha mama anayenyonyesha, mtu anapakua na kuchapa mwenyewe. La pili, kuna dada Instagram anauza kozi pamoja na haki ya kuiuza tena. Ukishainunua unaiuza kama yako na fedha yote inabaki kwako. Bei yake ni karibu mshahara wangu wa mwezi mzima. Anasema akina mama wengi wametoka kupitia hiyo.

Vifaa nilivyonavyo ni laptopu ya zamani, simu nzuri na intaneti. Nianzie wapi?

Jicho_Kavu

Hiyo kozi usinunue.

Muulize huyo dada swali moja tu: ukiacha kozi yenyewe, anauza nini kingine? Kozi nyingi za aina hiyo zinafundisha jinsi ya kuuza kozi hiyo hiyo. Kila aliyeinunua jana leo ni mshindani wako, ana faili lile lile, na ukipunguza bei naye atapunguza. Bidhaa ambayo hainunuliwi na yeyote isipokuwa mtu anayetaka kwenda kuiuza haina mtumiaji. Wa mwisho kuingia ndiye anayelipia wote.

Mchora_Violezo

Hongera kwa mtoto, dada. Mimi nauza violezo, yaani mafaili yaliyokwisha kupangwa ambayo mteja anajazia ya kwake, kwa hiyo nitasema ninayoyaona.

Vitabu vya kupanga siku vimejaa kila mahali. Sikatazi, ila ukiingia huko unashindana kwa urembo na watu wanaochora kwa kulipwa. Kuhusu Canva, soma leseni yake kabla hujagusa kitu. Huruhusiwi kuchukua picha au michoro yao ukaiuza jinsi ilivyo. Lazima uwe umetengeneza kazi yako mwenyewe. Fonti (mitindo ya herufi) nazo zina leseni zake.

Masoko ya mtandaoni: Etsy wanatoza senti 20 za dola kwa kila bidhaa unayoweka, inakaa miezi minne, halafu wanakata asilimia 6.5 ukiuza, bado gharama za kupokea malipo. Gumroad, tovuti ya kuuzia mafaili, hawatozi kuweka, wanakata asilimia 10 na senti 50 kwa kila mauzo ya moja kwa moja, na mteja akiletwa na soko lao wenyewe inapanda hadi asilimia 30. Tangu Januari 2025 Gumroad ndio wanaoshughulikia kodi ya mauzo ya wateja wa nchi mbalimbali, na hilo peke yake linakuondolea kichwa kuuma. Angalia hapo: ukiuza kitu cha dola moja, zile senti 50 zimekula nusu kabla ya asilimia yoyote.

Kabla ya yote hayo, hakikisha fedha inaweza kukufikia. Kuna nchi ambazo akaunti ya PayPal (huduma ya malipo ya mtandaoni) inaruhusu kulipa tu, kupokea hairuhusu. Usije ukauza halafu fedha ikakwama usikoweza kuifikia.

Mzee wa Safuwima

Mwanangu, umeandika kuwa ulikuwa karani wa hesabu, kisha ukaliruka kama halina maana. Mbona hapo ndipo penye mali?

Umekaa na hesabu za biashara ndogo. Unajua mwenye duka anakwama wapi: hajui bidhaa ipi inakaribia kuisha, anachanganya fedha ya biashara na ya nyumbani, wadaiwa wake wako kwenye vikaratasi. Jedwali moja la Excel linalotatua jambo MOJA kati ya hayo lina mnunuzi anayelihitaji kweli, naye hajali kama lina maua pembeni. Biashara kamili ya hesabu usijaribu kuibana kwenye faili moja. Chukua wadaiwa peke yao, au stoo peke yake.

Sasa mambo ya ufundi, maana ndiyo yatakayokuletea malalamiko:

Usitumie makro, yaani zile amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili. Tangu 2022 Microsoft wanazizuia zenyewe kwenye mafaili yaliyopakuliwa mtandaoni, mteja anaona onyo jekundu anadhani umemtumia virusi. Na Excel ya simu haiziendeshi kabisa.

Fomula zako ziwe za kizamani kidogo. XLOOKUP, ile ya kutafuta taarifa ndani ya jedwali, ni tamu lakini haipo kwenye Excel ya 2016 wala ya 2019. Tumia INDEX na MATCH, zinafanya kazi kila mahali.

Funga seli (vile visanduku vya jedwali) zenye fomula, acha wazi zile za kujaza tu, na zipe rangi moja. Ila ujue kule kufunga ni kinga ya kidole kilichoteleza. Mwizi hakumzuii.

Ukiuza la Google Sheets (jedwali la mtandaoni linalofanana na Excel), kwenye kiungo badilisha neno edit liwe copy. Mteja akibofya anaulizwa atengeneze nakala yake. Usipofanya hivyo watu watakuomba ruhusa ya kuhariri faili lako usiku na mchana.

mama_mpya

Mzee, shikamoo. Hilo sikulifikiria hata kidogo, nilidhani ni kazi tu ya ofisini. Tena kuna jedwali la wadaiwa nililitengeneza mwenyewe kazini, bosi alilipenda sana. Nikiondoa majina ya wateja si naweza kuanza nalo hilo?

Msoma_Mikataba

Ngoja kwanza, dada. Kwa sheria za nchi nyingi, kitu ulichotengeneza ukiwa kazini, kama sehemu ya kazi yako, ni mali ya mwajiri hata kama wazo lilitoka kichwani mwako. Na wewe bado uko likizo, yaani bado ni mwajiriwa. Soma mkataba wako, tafuta kipengele cha hakimiliki na kile cha kufanya shughuli nyingine.

Ujuzi ni wako, faili si lako. Fungua faili jipya kwenye laptopu yako, lijenge upya kwa mpangilio mwingine, tia takwimu za kubuni. Kulisafisha la zamani hakutoshi. Mafaili ya Excel yanabeba jina la aliyelitengeneza na wakati mwingine karatasi zilizofichwa.

Kaka_Mnyoofu

Kwa nini usisubiri mtoto akue kidogo? Miezi minne ni mapema mno.

mama_mpya

Kaka, fedha haisubiri akue. Na nikikaa nikimtazama yeye tu toka asubuhi mpaka jioni, nitachanganyikiwa. Siku nyingine nalia tu bila sababu.

Mama_Pacha

Mdogo wangu, hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma mara mbili. Kulia bila sababu kukiendelea kwa wiki na wiki, mwambie mhudumu wa afya, usiseme ni uchovu tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona (huzuni nzito inayodumu), na linatibika. Biashara haiponyi hilo. Usianze kupanga mauzo kabla hujaongea na mtu.

Kuhusu muda, usipange kwa saa maana mtoto hasomi ratiba. Gawa kazi kwa mikono. Zile za mkono mmoja (kusoma, kujibu wateja, kurekodi wazo kwa sauti) zifanye unaponyonyesha. Fomula na maelekezo ya matumizi zinataka mikono miwili na kichwa kilichotulia, hizo zitafutie mtu wa kumshika mtoto. Mwombe baba yake waziwazi muda maalumu, usimwachie akisie.

Andika kwenye ukurasa wa bidhaa kwamba ujumbe unajibiwa ndani ya siku mbili. Na mtu akitaka umtengenezee la kwake maalumu, kataa kwa sasa. Hapo utakuwa umerudi kwenye ajira bila mshahara.

Jambo jingine, usimtumie mtoto kwenye matangazo. Mnunuzi wa jedwali la wadaiwa hana haja na picha yake.

mama_mpya

Asante dada, kesho kutwa nina kliniki ya mtoto, nitalisema huko huko. Kozi nimeachana nayo. Nitaanza na wadaiwa peke yake, faili jipya. Mzee, nitajuaje kama liko tayari kuuzwa?

Mzee wa Safuwima

Marahaba mwanangu. Kliniki kwanza, jedwali halikimbii.

Ukishalitengeneza, tafuta wenye biashara wawili watatu wasio ndugu zako, maana ndugu watasifu. Wape bure, kila mmoja kwa wakati wake, wafungue kwa simu zao wenyewe wewe ukiwa pembeni, na usiseme neno. Akikuuliza "hapa naandika nini?", usimjibu. Iandike ile seli vizuri zaidi. Wakilijaza bila kukuuliza kitu, na mmoja wao akarudi wiki inayofuata kulitumia bila kukumbushwa, weka bei.