"Mama, una barafu?" Kwenye DAKA LETU, ukumbi wa mlangoni kwetu! Chupa mkononi!

MwanaWaDaka:

Jamani usingizi umenikimbia. Nikilala ubavu huu naisikia, nikigeuka upande wa pili naisikia: "Mama, una barafu?"

Mnamjua. Jina silitaji, hata punda wa mtaa wa Langoni hapa Lamu wanamjua. Yule aliyekaa Marekani miaka minne akarudi na kaptura moja na rai mia. Ndiye anayezunguka na karatasi akiwaomba watu watie sahihi, ati sehemu ya pwani yetu, kuanzia gatini kwenda juu, itengwe iwe mahali pa kunywa pombe hadharani, "kama miji iliyoendelea".

Sasa sikieni ya leo. Adhana ya magharibi haijatoka. Mama yuko kiwandani, uani kwetu, anatia udhu. Hodi! Mama akadhani mtoto wa jirani anarudisha sahani, akajitanda mtandio akatoka. Kumbe ni bwana mkubwa. Ameketi dakani kwetu, mguu juu ya mguu, chupa ya bia iko wazi inatoa povu, ameiweka juu ya baraza ya mawe aliyokuwa akiketi babu yangu kusomesha watoto Juzuu Amma. Anamtazama mama usoni: "Mama, una barafu?"

BARAFU! Si salamu alekum, si shikamoo. Barafu!

Mama ana miaka sabini na moja. Chupa ile hajapata kuigusa hata kwa ncha ya ufagio. Alisimama kama nguzo ya msikiti, maji ya udhu yanamchuruzika mikononi. Mimi niliruka ngazi nne nne. Namuuliza, unatafuta nini hapa? Ananijibu kwa upole kabisa: "Upepo, ndugu yangu. Hapa si nje? Eneo likishatengwa mtazoea."

Mtazoea!

Daka si nje! Daka ni nyumba. Mgeni hupokewa hapo, wanaume wakija kuhani msiba huketi hapo. Mtu aliyezaliwa Amu, yaani Lamu, haulizi swali hilo, na huyu kazaliwa mtaa wa Mkomani, mkunga wake tunamjua.

Na hilo eneo litatengwa wapi? Mji wa kale wote ulioandikwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001 ni kama hekta 16. Vichochoro vyake punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Sheria ya vileo ya 2010 inataka baa iwe mita 300 kutoka shule. Basi shika kamba, anzia mlango wowote wa shule au madrasa, upime. Mita 300 zikiisha uko majini unaogelea kwenda kisiwa cha Manda! Anayetaka kunywa, ipo baa inayoelea kwenye mkondo wa bahari huko, apande boti aende, simzuii. Lakini mlangoni kwa mama yangu, saa ya magharibi, kuomba BARAFU? Kama kwamba mama ndiye mhudumu wake?

Sijamaliza. Nimechoka tu kuandika.

PwezaMkavu: Swali moja tu. Mlimpa au hamkumpa?

MwanaWaDaka: Nimpe nini?! Umesoma ulichosoma au umesoma kichwa tu?

BintiShela: Huyo huyo! Wiki jana alibisha kwa nyanya yangu akaomba kopo. Nyanya akampa, akidhani mtoto wa watu ana kiu. Kopo lilirudi linanuka, tukalitupa. Kopo la shaba, la arusi yake!

Nahodha_Mstaafu: Wewe mwenye uzi, ngazi nne nne kwenye nyumba ya mawe ya Amu? Ngazi zile mimi nashuka moja moja nimeshika ukuta. Ungeteremka nne nne ungefika dakani kwa kichwa, na barafu ungeihitaji wewe.

MwanaWaDaka: Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hasira haihesabu ngazi. Ungeuona uso wa mama usingecheka.

NipoOhio: Ndugu zangu, huku nina mwaka wa tisa, acheni niwaambie. Anachokisimulia kipo. Ohio ina sheria ya mambo hayo tangu 2015, miji huchagua mitaa yake. Lakini mipaka hutiwa vibao, saa hupangwa, na kinywaji unakinunua humo humo kwa muuzaji mwenye leseni, tena si kwenye glasi. Huwezi kutoka kwenu na chupa yako. New Orleans, wanakotembea na pombe mtaani tangu zamani, chupa ya glasi barabarani ni kosa. Angekaa kwenye kizingiti cha mtu huku na chupa ile, polisi wangefika kabla ya barafu.

MwanaWaDaka: MMEONA? Hata huko anakokuringia!

PwezaMkavu: Si glasi maana yake plastiki. Vikombe hivyo vitakwenda wapi? Mikokoni. Hapa Lamu limeshaundwa jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa. Huyu na wenzake watatuundia la pili kwa mwezi mmoja.

MgemaWaGanda: Salamu kutoka Malindi. Mnalia chupa moja? Huku mgeni akiketi ufuoni Casuarina na bia yake hata mbwa hambwekei. Baba yangu akiketi chini ya mnazi alioupanda kwa mkono wake, na kata ya tembo la mnazi la mahari ya mjukuu, askari hao! Mangweni, kwenye vilabu vya mnazi, watu wanakunywa sikio moja liko barabarani. Mkitaka kutenga maeneo semeni kwanza yanatengewa nani. Karatasi hiyo ikija kwetu mimi nitauliza: na mnazi umo?

BintiShela: Hapo umesema kweli. Mnazi hauna hoteli nyuma yake.

MwanaWaDaka: Mgema, dhuluma ya mzee wako naielewa, fungua uzi wako nitakuja kukuunga mkono. Huu ni wa barafu. Mama hajala mpaka sasa. Baraza ameisugua kwa ndimu na chumvi mara tatu, na anasema bado anaisikia harufu.

Nahodha_Mstaafu: Mpe pole mama. Mimi leo bodaboda nusura initie majini hapo pwani. Mji hauna magari tangu uumbwe, sasa vijana wanapita na pikipiki katikati ya watu na punda. Hili nalo nani ameliwekea karatasi?

PwezaMkavu: Punda wenyewe nao! Leo nimekanyaga shonde mbele ya ngome, nimevaa kanzu nyeupe, nakwenda kuposa.

Nahodha_Mstaafu: Punda alikuwepo kabla yako. Tazama chini ukitembea. Umekubaliwa?

PwezaMkavu: Wamesema watajibu.

BintiShela: Afadhali nyinyi mnatembea kwa miguu. Sisi wa Shela tukichelewa mjini baada ya isha, mwenye boti anakutajia nauli kama anakupeleka Unguja. Juzi nimerudi kwa miguu na mtoto mgongoni, maji yamejaa, viatu mkononi.

Nahodha_Mstaafu: Mafuta yamepanda, binti.

BintiShela: Yamepanda usiku tu? Mchana hayapandi?

PwezaMkavu: Subirini Maulidi muone nauli.