Naomba ushauri: grupu la WhatsApp la watoto walioungua, wakishatoka wodini

Habari zenu wakuu, naomba mnisaidie mawazo. Mimi ni mtu wa fiziotherapia huku Nyanda za Juu, wagonjwa wangu wengi wa kuungua ni watoto waliomwagikiwa uji au maji ya moto. Wodini tunaenda vizuri, shida ni wakirudi nyumbani, kovu linaendelea kukaza hata mwaka mpaka miwili na mama akiona mtoto analia akinyooshwa anaacha, banzi la kushikilia kiungo kisijikunje linatupiwa juu ya kabati, siku wanarudi kliniki kiwiko kimeshajikunja na hapo inabaki habari ya upasuaji.

Basi nikafungua grupu la WhatsApp, natuma voisi na video fupi za kunyoosha kiungo, kukanda kovu kwa mafuta, kulikinga na jua. Mwanzoni walichangamka sana na watoto wao walikuwa wanaendelea vizuri mno. Halafu picha ya mtoto mmoja ikatoka humo ikasambaa mtaani kwao, mama yake alilia sana, nikazuia picha kabisa. Sasa grupu kimya, na bila picha sijui nani ananyooka na nani anakunjika, inaniuma kwa kweli.

Nauliza, nipokee picha inboksi kwa mzazi mmoja mmoja au kuna njia salama zaidi isiyogongana na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022? Na wale wenye kitochi au wasio na bando mnawafuatiliaje, meseji za kawaida zinasaidia kweli au ni kupiga tu? Aliyewahi kufanya kitu kama hiki naomba uzoefu wake.