Ushauri wakuu: tunataka tuta mbele ya shule, ila barabara ni ya TANROADS (wakala wa barabara wa taifa)

Mkazi wa Goba:
Wakuu, salaam. Mwenzenu sipati usingizi. Mbele ya shule ya msingi ya mtaani kwetu magari yanapita kama yanafukuzwa. Enzi za vumbi na mashimo kila dereva alitambaa. Lami ilipofika tulishangilia, leo ndiyo inatuumiza. Zebra imefutika, kibao kimelala kwenye majani. Asubuhi mama muuza maandazi anaacha karai motoni, anasimama katikati ya lami na mwiko mkononi, anavusha watoto walioshikana mabegi. Juzi bodaboda kamgonga mtoto wa darasa la pili, paja limevunjika, yuko wodini. Vijana wanataka tumwage zege wenyewe usiku. Kisheria ikoje? Na tuta liwe na kimo gani? Nawasilisha.

Mama Mapacha:
Pole sana kwa mtoto, Mungu amponye. Lakini wazazi wa siku hizi nao! Mtoto wa darasa la pili anavukaje barabara kuu bila mtu mzima? Sisi tulipelekwa na dada zetu, tumeshikwa mkono mpaka getini.

Konda Mstaafu:
Mkuu, tuta la kienyeji usithubutu. Nilikuwa konda njia ya Mbagala. Usiku mmoja tukakuta tuta limeota ghafla, halina rangi wala kibao. Boda aliyekuwa mbele yetu aliruka akaishia mtaroni, abiria wangu wa siti ya nyuma wakagonga vichwa kwenye bodi. Waliolijenga nao walikuwa na uchungu wa mtoto wao.

Fundi Lami:
Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Za wilaya na mitaa ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Kwenye barabara ya mkoa huna mamlaka ya kumwaga hata ndoo moja ya zege, na mtu akifia hapo kesi ni yenu. Halafu tuta likiziba njia ya maji, masika moja tu lami inaliwa pembeni, unabaki na shimo na tuta kwa pamoja. Andikeni barua kwa meneja wa TANROADS wa mkoa, ipitie serikali ya mtaa na mwalimu mkuu, nakala polisi wa usalama barabarani. Ombeni zebra iliyoinuliwa, rasta (vituta vidogo vidogo vya kumshtua dereva) kabla yake pande zote mbili, na kibao cha kilomita 50 kwa saa. Msidharau hicho kibao: Shirika la Afya Duniani linasema gari likitoka kasi ya 50 kwenda 65, hatari ya kumuua mwenda kwa miguu inapanda mara nne na nusu.

Mkazi wa Goba:
Asante Fundi, ila barua hapana. Barua zinachukua muda na watoto wanavuka kesho. Saruji tumeshanunua, kokoto ziko kwangu. Nilitaka kimo tu.

Dada wa Tegeta:
Uliomba ushauri au baraka? Barua ni bure, saruji umelipia. Mbona unaikimbia barua?

Mkazi wa Goba:
Wakija kuweka zebra watakuja na futi kamba. Mimi nina fremu nne za maduka pale, mkabala na geti la shule. Zina X ya kubomolewa.

Fundi Lami:
Rangi gani?

Mkazi wa Goba:
Nyekundu. Lakini eneo nilinunua kihalali, nina karatasi ya serikali ya mtaa, na fremu ndizo zinazosomesha wanangu. Sioni zinahusianaje na mtoto kugongwa.

Fundi Lami:
Zinahusiana sana. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. X ya kijani ni wale waliokutwa kwenye nyongeza, hao hulipwa fidia. Nyekundu maana yake uko ndani ya ile ya zamani. Sasa nijibu: wateja wako wanapaki wapi?

Mkazi wa Goba:
Pembeni ya lami.

Fundi Lami:
Basi hapo ndipo mtoto alipaswa kutembea. Gari likipaki pale, mtoto anaingia kwenye lami, na dereva hamuoni mpaka ameshatokeza. Daladala nazo zinasimama kabla ya zebra au baada?

Mkazi wa Goba:
Kabla. Pale pale kwenye fremu, ndiyo abiria wananunua vocha na maji.

Konda Mstaafu:
Hiyo naijua. Daladala ikisimama kabla ya zebra inamfunika anayevuka, na anayeipita kwa kulia hana habari. Kituo kikisogezwa kikawa baada ya zebra, watu wanavuka nyuma ya gari, wanaonekana.

Mzee wa Ushahidi:
Chai hii. Uzi umeanza na mtoto wodini, umefika kwenye fremu zenye X. Nani anamwaga zege usiku masika haya? Kesho atasema anaziuza kwa bei ya kutupa. Weka picha.

Dada wa Tegeta:
Hata kama ni chai, mimi shule ya wanangu ina hali hiyo hiyo, majibu ya Fundi nimeyahifadhi. Kuna shule hapa Dar zilizojengewa njia za miguu na vivuko kupitia shirika la Amend, watoto wanapita kwa raha. Inawezekana.

Mkazi wa Goba:
Mzee, picha ya mtoto aliye wodini siweki hata ukiniita mwongo. Njoo saa 12 na nusu asubuhi, mama wa maandazi utamkuta. Fundi, swali la mwisho: barua ikiandikwa na shule peke yake, jina langu lisiwemo, watapima upande wa shule tu?

Fundi Lami:
Wanapima kuanzia katikati ya lami, pande zote mbili. Iandikeni leo.