Escape from L.A.: miaka 15 ya kusubiri, picha ni ileile?

Kijana_wa_Sabasaba:
Wakuu, wikiendi hii nimeziangalia zote mbili kwa mpigo, Escape from New York ya 1981 na Escape from L.A. (yaani Los Angeles) ya 1996. Ya kwanza ilinikamata mapema. Ya pili nilihisi narudia picha. Snake Plissken anakamatwa, anadungwa kitu mwilini, anawekewa saa, anatumwa kwenye mji uliogeuzwa gereza akamtoe rais au akachukue kitu chake. Mwongozaji yuleyule John Carpenter, stelingi yuleyule Kurt Russell. Sasa bajeti kutoka kama dola milioni 6 hadi 50, hizo hela zilikwenda wapi?

Bi_Kanda:
Mdogo wangu, hela ndizo zilizoiharibu. Nimekodisha kanda za VHS miaka mingi Tanga. Ya New York wateja walikuwa hawairudishi mpaka uwafuate majumbani, ya L.A. kesho yake asubuhi iko mezani.

Angalia lile giza la ya kwanza. Hawakuwa na uwezo wa kuigeuza Manhattan, kile kisiwa cha New York, gereza, wakaenda St. Louis, ambako kulikuwa na mitaa iliyoungua kwenye moto wa 1976, wakapiga usiku. Ule uchakavu haukuchorwa. Na ile michoro ya kijani ya majengo anayoiona Snake akiwa kwenye ndege isiyo na injini? Kuichora kwa kompyuta kulikuwa ghali, basi wakatengeneza mji mdogo wa mfano, wakaupaka rangi nyeusi, wakabandika utepe unaong'aa kwenye kingo, wakapitisha kamera juu yake. Mpaka leo inapendeza. Kufika 1996 kompyuta wanayo, wakatutolea nyambizi ambayo hata mwanangu aliicheka. Halafu Snake anapanda wimbi la tsunami kwa ubao, anarukia gari la yule mwigizaji Steve Buscemi! Hapo niliinuka nikaenda kukaanga samaki.

Na adui. Isaac Hayes kama Duke, gari lake limewekwa taa za vinara vya ukumbini, hasemi sana, unamwogopa. Huyu Cuervo Jones wa L.A. sura yake nimeshaisahau.

Fundi_Redio:
Dada, umeruka ile sehemu Snake analazimishwa kucheza mpira wa kikapu. Alama 10, sekunde 10 kila mtupo, ukikosa unapigwa risasi. Russell alitupa mwenyewe, hata ule wa kutoka mwisho wa uwanja. Ya pili ni dhihaka, mnaitazama mkiwa mmenuna. Carpenter mwenyewe amesema hadharani ndiyo bora kuliko ya kwanza.

Kijana_wa_Sabasaba:
Kasema hivyo kweli? Bi Kanda, unajibu nini?

Bi_Kanda:
Carpenter ana haki ya kuipenda ya kwake, mimi nilikuwa na daftari la wateja. Ila Fundi, kuna mahali nakupa: mwisho. (Ambaye hajamaliza aishie hapa.)

New York, Snake anamuuliza rais anajisikiaje juu ya watu waliokufa wakimwokoa. Rais yuko kwenye kiti ananyolewa ndevu, anajibu maneno makavu ya mkutanoni. Basi Snake anambadilishia kaseti aliyotakiwa kuwapigia viongozi wa dunia, rais anaaibika mbele ya dunia. Nzuri sana, lakini aliyeumia ni rais. L.A. anabaki na kifaa cha kuzima umeme kokote, huku serikali na maadui zake wote wanakitaka. Hachagui upande. Anabonyeza 666, dunia nzima inazima. Picha ngapi za Hollywood zimemwachia stelingi afanye hivyo, tena hata hajutii?

Zile mashine zangu mbili za kurekodia zingekuwa nzima, ningeikata hiyo dakika ya mwisho nikaiunga kwenye ya 1981.

Fundi_Redio:
Na ya tatu je?

Bi_Kanda:
Ya pili ilipata kama dola milioni 25 Marekani, nusu ya gharama. Nani angetoa hela tena?