Mrejesho: Wiki sita tangu niombe ushauri kuhusu kichwa kujaa mawazo

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nilieleza kwamba silali: duka langu hapa Mtwara mjini linasuasua, nina mkopo, na mama anaumwa kule Newala. Mlinishauri mengi, nami niliahidi kurudi.

Kilichonisaidia zaidi ni daftari. Dada mmoja aliniambia kabla ya kulala niandike kila deni na kila hofu, pembeni niweke hatua ya kesho, hata iwe ndogo. Usiku wa kwanza nilijaza kurasa tatu, nikalia. Sasa haifiki nusu ukurasa. Deni bado lipo, ila silizungushi tena kichwani hadi saa nane za usiku.

Baada ya swala ya alfajiri natembea ufukweni Shangani, simu naiacha nyumbani. Maji yakitoka nawakuta kina mama wanatafuta pweza miambani, tunasalimiana, jua linachomoza. Siku nisipokwenda naiona tofauti mapema kabisa.

Pumzi pia: navuta kwa hesabu ya 4, natoa kwa 6, dakika 5. Kutoa pumzi polepole hutuliza mapigo ya moyo. Kahawa ya jioni kijiweni nimeiacha wiki mbili tu zilizopita, kwa shida.

Na kaka uliyesisitiza nipime presha, Mungu akubariki. Ilikuwa juu kidogo, nimepangiwa kurudi kuipima tena.

Mama anaendelea vizuri. Msimu wa korosho ukifunguliwa nitawaeleza duka limefikia wapi.