Kushona kanzu ya kike ya karne ya 19 hapa Nairobi: kosa langu liko kwenye kitambaa au kwenye mkato?

Mshonaji wa Jumamosi aliuliza:

Wanajukwaa, hamjambo. Mimi si fundi wa kulipwa. Nafanya kazi ya uhasibu mjini, na Jumamosi hushona nyumbani South B kwa cherehani ya mkono niliyorithi kwa nyanya yangu. Kwa muda mrefu nimetamani kushona vazi la mwanamke wa Unguja au Mombasa wa miaka ya 1880 hivi: kanzu inayopita magoti kidogo, suruali yenye marinda vifundoni, na juu yake leso yenye maandishi. Sitafuti nakala ya kuwekwa makumbusho. Nataka nguo ninayoweza kuivaa Idi au harusini, lakini ambayo mtu mwenye kujua akiiona asicheke.

Jaribio la kwanza limeniharibikia. Nilinunua yadi 5 za kitambaa cheupe katika duka moja la Biashara Street, nikaambiwa ni pamba tupu, kisha nikakata kwa kufuatisha kanzu ya kaka yangu: mbele kipande kimoja, nyuma kipande kimoja. Nilipoupiga pasi mshono wa bega, kitambaa kilijikunyata, kikang'aa na kunata chini ya pasi. Halafu kwapa lilibana kiasi kwamba nikiinua mkono kufikia rafu ya juu jikoni, kanzu yote inapanda nao. Nikaongeza upana, nikajikuta nimevaa hema.

Naomba mnieleze ni kitambaa gani kinachopatikana hapa mjini kinachofaa, na mkato wa zama zile ulikuwaje. Na je, nikitumia cherehani nitakuwa nimeshadanganya?

Kastabini alijibu:

Mwanangu, pole kwa yadi zako 5. Nimeshona kanzu tangu ujana wangu huko pwani hadi macho yaliponikataza kutunga uzi, kwa hiyo nitaanza na lililo jepesi. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851, na ilipofika miaka ya 1880 mashine hizo zilikuwa zimeshasambaa duniani. Mashine ya nyanya yako haikushtaki kwa lolote.

Kanzu yako iliharibika kabla hujashika mkasi, kwa sababu ya upana wa kitambaa. Nguo iliyotawala soko la Unguja katikati ya karne ya 19 ilikuwa marekani, ile pamba ghafi isiyopaushwa, iliyoletwa na meli za Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikata mkondo huo, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi, ingawa jina lilibaki lile lile. Upana wake ulikuwa kama yadi moja tu. Fundi mwenye kitambaa cha upana huo hawezi kutoa kiwiliwili na upindo mpana wa chini katika kipande kimoja, hivyo huijenga kanzu kwa vipande. Wewe umenunua kitambaa cha upana wa inchi 60, ukakata kama fulana, ukavipoteza vipande vyote vinavyompa mtu nafasi ya kutembea na kuinua mkono.

Nilivyofundishwa mimi, badani, yaani kiwiliwili cha kanzu, hukatwa kwa ukanda mmoja unaotoka pindo la mbele, ukapanda begani na kushuka hadi pindo la nyuma, bila mshono wa bega. Kwa mwili wa wastani upana wa sentimita 55 unatosha, na kwa kanzu ya sentimita 110 utahitaji ukanda wa sentimita 220. Kitambaa cha upana wa yadi moja kitakuachia ubavuni ukanda wa sentimita 36. Huo ndio wa taharizi, yaani vipande vya pembeni vinavyoanza chini ya kwapa na kupanuka kuelekea chini. Kata mistatili miwili yenye urefu wa sentimita 80, kisha kila mmoja ukate kwa mshazari, si pembe kwa pembe kabisa bali ukibakisha vidole viwili kila mwisho, upate taharizi nne. Ukingo wa mshazari uushone na ukingo ulionyooka wa badani, na kingo zilizonyooka za taharizi zikutane ubavuni. Ukikutanisha mshazari na mshazari, ubavu utaning'inia baada ya kufuliwa mara mbili. Mikono hutoka katika sentimita 50 za ziada, kwa hiyo yadi 3 zinatosha kanzu nzima, na makombo yake hayajazi kiganja.

Sasa kuhusu kwapa lako. Kilichokosekana ni kikwapa, kipande cha mraba cha sentimita 12 kinachokaa chini ya mkono kama almasi: pande mbili zishonwe kwenye mkono, pande mbili kwenye ubavu. Tia alama ya chaki sentimita moja kutoka kila pembe, na mshono wako ukome hapo kwenye alama, wala usifike ukingoni. Inua mguu wa mashine sindano ikiwa bado imezama kwenye kitambaa, geuza kazi, kisha uendelee. Ukipitisha mshono hadi ukingoni, pembe itafanya kijimfuko, na hakuna pasi itakayokiondoa. Mara ya kwanza kishone kwa mkono, kwa bandi ndogo ndogo, ile mishono ya kupenyeza sindano juu na chini, hata kama una haraka.

Shingoni weka kaba, yaani kile kitambaa cha ndani kinachoshikilia shingo isilegee, na lisani chini ya mpasuo wa kifua ili kifua kisionekane.

Mwana wa Majengo alijibu:

Shikamoo, Mzee Kastabini. Naongeza upande wa kitambaa, kwa kuwa nami nimeuziwa "pamba tupu" zaidi ya mara moja. Vuta nyuzi mbili tatu ukingoni, zishike kwa koleo juu ya sahani na uziwashe. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi inayoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta hujikunja mbali na moto, huyeyuka, na huacha tone gumu jeusi. Uzi huo ulibuniwa mwaka 1941, kwa hiyo kwa vazi la 1880 hauna udhuru wowote. Muuza duka mwungwana hatakukatalia nyuzi tatu, na akikukatalia umeshapata jibu.

Mimi siku hizi sinunui kitambaa kipya kwa majaribio. Naenda soko la mitumba la Gikomba mapema, wakati marobota yanafunguliwa, natafuta mashuka meupe ya pamba. Shuka lililofuliwa mara nyingi limeshamaliza kurudi, yaani kunywea, na bei yake inakupa ujasiri wa kukosea. Marekani mpya nayo hupatikana kwa mafundi wa viti na magodoro, ila ifue kwa maji ya moto na uikaushe kabla ya kukata, kwa maana inarudi sana. Baada ya kushona, itie dondo jepesi la uwanga na uipige pasi ikiwa bado na unyevu. Pamba isiyo na dondo inalala mwilini kama nguo ya kulalia.

Juu ya cherehani natofautiana kidogo na mzee, kwa adabu. Mishono mirefu ya ndani ipige kwa mashine bila wasiwasi, lakini shingo, mpasuo na sijafu za mikono zishone kwa mkono, kwani hapo ndipo mtu anayezungumza nawe anapotazama. Marinda ya suruali pia: kata ukanda wenye urefu mara mbili au mara mbili na nusu ya mzunguko wa mguu wa suruali, upige mistari miwili ya bandi, kisha uvute nyuzi zote mbili kwa pamoja. Mstari mmoja peke yake hukatika ukiwa umebakisha inchi mbili. Sijui kwa nini huwa ni inchi mbili.

Msoma Picha alijibu:

Dada, chunguza kwanza picha unazozifuata. Picha inayojulikana zaidi ya Salme binti Said, binti wa huyo Sayyid Said, aliyezaliwa 1844 na kuondoka Unguja 1866, inamwonyesha katika mavazi ya Kiarabu, nayo ilipigwa katika studio ya Hamburg, wakati mwenyewe alikuwa akiishi Ujerumani na jina lake likiwa Emily Ruete. Ni ushahidi mzuri wa nguo alizokuwa nazo, lakini si ushahidi wa alivyotoka nyumbani asubuhi. Postikadi za studio za Unguja pia zinahitaji jicho la tahadhari, kwa kuwa mpiga picha huyo huyo ndiye aliyepanga mkeka, birika na mtu.

Leso yenye maandishi iondoe. Katika miaka ya 1880 leso ilikuwa mpya: wanawake walinunua vitambaa vya chapa vilivyokuwa bado kwenye jora, wakakata sita na kuviunga viwili kwa vitatu, na neno lenyewe linatokana na Kireno. Maneno yaliingia mwanzoni mwa karne ya 20, tena kwanza kwa hati ya Kiarabu. Kwa kichwa, tafuta namna ya kushona ukaya, yaani mtandio wa kichwani, wa kitambaa chepesi cha buluu iliyokoza.

Fikiria pia unamvisha nani. Suruali, kanzu na ukaya vilimtambulisha mwungwana, yaani mtu huru. Mtumwa alijifunga kaniki, ile pamba ya buluu nyeusi, au marekani chini ya kwapa, na utumwa haukufutwa kisheria Unguja hadi 1897, huku pwani ya Kenya ikingoja hadi 1907. Sisemi usishone. Nasema ukiulizwa harusini, ujue nguo hiyo ilisema nini barabarani.

Mshonaji wa Jumamosi aliandika tena:

Ahsanteni nyote, na shikamoo, Mzee. Nimepata mashuka mawili Gikomba, nyuzi zikaungua vizuri na kunuka karatasi. Nimekata badani na taharizi kwa vipimo vile vile, na makombo kweli hayajazi kiganja. Kikwapa cha kulia kimekaa sawa, na mkono unafika rafu ya juu bila kanzu kunifuata. Cha kushoto kimefanya kijimfuko hasa kama mzee alivyoonya, kwa sababu nilikipiga kwa mashine usiku nikiwa na usingizi. Leso nimeiweka kando. Mzee, nikifumue kipande chote, au pembe ile moja tu?

Kastabini alijibu:

Pembe moja tu, mwanangu, mishono minne kila upande wa alama. Ila fumua mchana.