Polisi wa Sauzi, tukikamatwa mnatuhesabu kila wiki. Tukipigwa mbona hamna hesabu?

Wakuu salaam. Huu uzi nimekaa nao kifuani wiki tatu, leo nautapika. Mods naomba msiupeleke jukwaa la utani.

Niko Durban mwaka wa tisa, kazi yangu kunyoa. Mwezi uliopita, mida ya saa kumi na moja jioni, walikuja vijana kama kumi na tano. Wakavunja vioo, wakabeba mashine zangu zote nne, na kaka mmoja wa Burundi aliyekuwa kwenye kiti, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, wakampasua juu ya jicho. Muda wote wanapiga kelele "makwerekwere hambani", yaani wageni ondokeni, na hilo makwerekwere ni tusi. Yaani hawakutuachia kazi ya kubahatisha wamefuata nini.

Nikaenda kituoni. Afande akauliza jina, namba ya pasi, uraia, anwani, bei ya mashine. Vyote akaandika, hadi rangi ya kiti. Nilipofika kwenye yale maneno waliyokuwa wanapiga kelele, akaweka kalamu chini. "Hiyo haina haja, bhuti (kaka)." Likaandikwa uharibifu wa mali na wizi, nikapewa namba ya CAS (kwa mlioko nyumbani, ni kama RB yetu), basi. Yule Mrundi hata kituoni hakukanyaga. Karatasi yake ya ukimbizi imeisha muda, anaogopa akienda kushtaki atalala ndani yeye. Kwa hiyo mimi ni kioo kilichovunjika, na mwenzangu hayupo kabisa duniani.

Sasa msije mkaniambia polisi wa huku hawajui kuhesabu. Kila robo mwaka wanatoa takwimu, unaweza kushuka mpaka kituo cha mtaani kwako ukaona mauaji mangapi, magari mangapi yaliporwa, nyumba ngapi zilivunjwa. Wizi wa mifugo una mstari wake! Ng'ombe akiibwa huko ndani KwaZulu-Natal, utamkuta kwenye jedwali. Nitafutieni mstari wa mtu aliyepigwa au kuchomewa duka kwa sababu ni mgeni. Mimi nimetafuta hadi macho yameuma.

Na msiniambie uraia hawauandiki. Tangu 2023 wana ile misako yao, Operation Shanela, na taarifa zao za wiki zinataja wageni wasio na vibali waliokamatwa ni wangapi, hapo hapo pamoja na bunduki na dawa za kulevya. Tukiwa washukiwa, hesabu iko tayari ndani ya siku saba.

Tena wakitaka wanaitoa hata ya waliokufa. Septemba 2019, maduka yalipochomwa Johannesburg, Rais Ramaphosa alisimama kwenye televisheni akasema watu wasiopungua 10 wameuawa, na wawili kati yao ni wageni. Niliona siku ile ile mtaani kwetu watu walivyoidaka hiyo namba: "Mnaona? Wengi ni wetu, hakuna chuki hapa, ni wahuni tu." Kumbe uraia wa marehemu unaweza kujulikana ndani ya siku chache. Unahitaji tu uwe na faida kwa anayeusoma.

Ndiyo maana nasema uraia peke yake hautoshi, waandike na sababu. Mei 2008, vurugu dhidi ya wageni zilizoanzia Alexandra, kitongoji cha Johannesburg, ziliua watu 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa hapa hapa. Je, hao 21 hawakufa kwa chuki? Watu walikuwa wanasimamishwa barabarani wanaulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Ukikosa kusema indololwane vizuri, umekwisha. Mshangaan au Mvenda, makabila ya hapa hapa, mwenye kitambulisho halali mfukoni alipigwa kwa kudhaniwa mgeni. Ukihesabu kwa pasi tu huyo unampoteza, na ukihesabu "vurugu" tu unatupoteza sote. Yule Mmsumbiji aliyechomwa moto akiwa hai mwaka ule, picha yake ilizunguka dunia nzima, na jalada lake lilifungwa bila mtu kufikishwa mahakamani.

Hesabu tunayoitegemea ni ya Xenowatch, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wits, Johannesburg, wanaofuatilia mashambulizi dhidi ya wageni, ambao kwao waliokufa tangu 1994 ni zaidi ya 600. Nawaheshimu sana, lakini wanakusanya kwenye magazeti na kwa watu wanaojitokeza kuripoti. Mrundi wangu gazeti gani lilimwandika? Sisi Wabongo tuna grupu la WhatsApp, ndiyo ofisi yetu ya takwimu. Vurugu zikianza, ndugu wanapiga simu kutoka Tanga na Kigoma kuuliza Watanzania wangapi wameumia, na mtu anajibu kwa kuhesabu nani hajaonekana online tangu jana.

Mtaniambia kuna sheria mpya. Ndiyo, ya uhalifu wa chuki, Rais aliisaini Mei 2024, na humo uraia, uhamiaji na ukimbizi vimetajwa, hata ualbino umetajwa. Lakini sheria yenyewe inasema itaanza siku atakayotangaza Rais kwenye Gazeti la Serikali, na hata ikianza, afande wa kaunta ndiye ataamua kama kalamu inaandika au inalala. Kuna pia ile sheria ya kuomba taarifa, ya mwaka 2000, unajaza fomu wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30. Sawa. Nitaomba nini, kitu ambacho hakikuandikwa?

Uingereza na Wales, pamoja na maneno yao mengi, polisi waliandika makosa ya chuki 140,561 kwa mwaka ulioishia Machi 2024, na sehemu kubwa ni ya rangi. Nao uraia wameutumbukiza humo humo kwenye rangi, kwa hiyo sisemi ni malaika. Ila kuna pa kuanzia kubishana.

Kwa wale wa "si urudi nyumbani": kurudi ni uamuzi wangu na nauli yangu, hakumfutii aliyenivunjia duka kosa lake. Na yule Mrundi arudi na jicho lipi?

Jumanne naenda tena kituoni na karatasi yangu. Nataka waongeze yale maneno kwenye maelezo yangu, kwa Kizulu kama yalivyosemwa, na jina la afande atakayekataa nimwombe aniandikie. Nimepata shahidi mmoja, mama wa jirani anayeuza vetkoek (maandazi ya huku), Mzulu kabisa, amesema atakuja. Nitaleta mrejesho.